Bia nyeusi ya Kijerumani (Doppelbock): hii kitu inanyweka vipi wakuu?

MwanagenziWaGlasi:

Wakuu habari za wikiendi. Nina swali, naomba msinicheke, au chekeni kidogo alafu mnijibu.

Kaka yangu alienda Ujerumani kikazi, karudi na chupa mbili za bia nyeusi, nusu lita kila moja, lebo imeandikwa Doppelbock na jina lenyewe linaishia na "-ator" utadhani jina la mashine ya kusagia. Asilimia 7.5. Akaniambia hii usiinywe kama unavyokunywa hizo zako zingine, akaishia hapo hapo. Ndo tabia yake huyu, anatoa onyo hatoi maelezo.

Mi nikafanya kama kawaida yangu. Nikaitupia friza mpaka chupa ikashika ukungu mweupe, nikafungua, nikapiga tarumbeta huku naangalia mpira. Funda la kwanza sikusikia kitu zaidi ya baridi. La pili na la tatu nikaona kama soda fulani hivi, ina utamu wa kunatanata, ule uchungu wa kukata kiu niliozoea haupo kabisa, nikasema ngoja niimalize tu iishe. Dakika 15 haikufika ikawa imeisha. Kuinuka niende msalani ndo najua kumbe miguu imebaki kwenye kochi. Asubuhi kichwa kinapiga ngoma.

Sasa imebaki moja na kaka kila akinipigia anauliza "umeionaje?" nabaki nazungusha maneno. Kiukweli sijaelewa watu wanasifia nini. Hii ni stauti au laga? Huo utamu ni sukari wameweka? Na inanyweka vipi ili mtu uelewe? Chupa ni moja tu wakuu, nikikosea tena ndo basi.

FundiHamira:

Mkuu bia haina kosa, umeiua kwa baridi. Pole lakini, wengi tumeanzia hapo hapo, mi ya kwanza niliinywa imeshaanza kuganda kabisa vibarafu vinaelea.

Iko hivi. Harufu ya bia ni vitu vinavyoruka kutoka kwenye glasi kuja puani, sasa bia ikiwa inakaribia kuganda haviruki, vimelala, na ulimi nao umeshapigwa ganzi. Unabaki na gesi na utamu usio na mwenyewe, ndo maana ukasikia soda. Laga nyepesi inavumilia nyuzi 4 kwa sababu hata hivyo haina mengi ya kusema, hii ianzie nyuzi 8 hivi iishie 12, hata ikipanda kidogo juu ya hapo haiharibiki. Kipimajoto huna? Ilaze kwenye friji ya kawaida (friji, siyo friza!!) alafu itoe iache mezani nusu saa mpaka dakika 40. Ukishika chupa usikie ubaridi wa maji ya mtungi.

La pili, glasi. Ukinywa kwa mdomo wa chupa pua iko nje ya mchezo, na kwenye hii bia pua ndo inafanya kazi kubwa kuliko ulimi. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, hata ya mvinyo inafaa kabisa, isuuze vizuri isiwe na mafuta wala sabuni maana povu litakufa papo hapo. Mimina kwa ubavu wa glasi mpaka nusu, alafu isimamishe umalizie katikati upate povu la vidole viwili. Usijaze mpaka juu, acha nafasi ya harufu kukaa.

Kabla hujanywa inua usawa wa taa. Tunaziita nyeusi ila nyingi siyo nyeusi kweli, ni kahawia iliyoiva, na pembeni kule glasi inapokuwa nyembamba unaona wekundu kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Povu lake nalo siyo jeupe, lina rangi ya maziwa yaliyodondoshewa kahawa kidogo.

Alafu nusa. Siyo kwa pupa, zungusha glasi taratibu, vuta mara mbili fupi fupi, pumzika, rudi tena. Cha kwanza utakutana na ganda la mkate, na namaanisha lile la chini kabisa lililogusa bati la tanuri, siyo nyama ya katikati. Nyuma yake karameli. Ikianza kupata joto ndo zinakuja zabibu kavu, tende, wakati mwingine plamu iliyokaushwa, na kwa mbali chokoleti. Hopsi (yale maua yanayotia bia uchungu) usizitafute, zipo za kuzuia utamu usizidi ila hazina sauti, uchungu wa bia hizi kwa kipimo cha watengenezaji unacheza 16 mpaka 26 hivi wakati pilsna za Kijerumani zinaweza kwenda mpaka 40, kwahiyo ile kiu yako ya uchungu wa kukata hutoipata hapa hata ukiisubiri mpaka asubuhi.

Funda liwe dogo. Lizungushe mpaka pembeni mwa ulimi, hesabu moja mbili tatu, meza, mdomo ukiwa umefunga toa pumzi kwa pua. Hiyo pumzi ya mwisho ndo watu wanaikosa, mkate wote unarudi hapo.

Kuhusu miguu: nusu lita ya 7.5 ina mililita 37.5 za kilevi chenyewe, nusu lita ya laga ya asilimia 5 ina 25. Yani ulipiga chupa moja na nusu ndani ya robo saa, juu juu, bila kujua, kwasababu utamu unaficha. Hii chupa ipe saa nzima na maji pembeni, na kama kuna mwenzako mgawane.

Sukari hawajaweka. Laga za Kijerumani kwa sheria yao ni kimea cha shayiri, hopsi, hamira na maji, basi, mizizi yake ni ile amri ya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, ya 1516 (ambayo hata hamira haikuitaja). Huo utamu unatoka kwenye kimea chenyewe. Ili bia iitwe dopelboki kule, yale maji ya kimea kabla hayajachachuka lazima yawe na uzito wa asilimia 18, yani katika gramu 100 karibu gramu 18 ni vitu vilivyotoka kwenye kimea, nyingi zikiwa sukari, wakati laga ya kawaida inacheza 11, 12. Hamira inakula nyingi inatoa kilevi ila kuna sukari ndefu ndefu haiwezi kuzivunja, hizo zinabaki ndo zinakupa ule uzito mdomoni.

KahawaChungu:

Mnazunguka sana wakuu. Nyeusi + nzito + asilimia kubwa = stauti. Wajerumani wameipa tu jina refu.

FundiHamira:

Hapana mkuu KahawaChungu, hapo tutagombana kirafiki. Ulaga wa bia hauko kwenye rangi, uko kwenye hamira na joto inalofanyia kazi. Stauti hamira yake inachachua kwenye joto la chumba, inamaliza haraka na inatoa harufu za matunda matunda. Hamira ya laga inafanya kazi kwenye baridi, nyuzi 8 mpaka 12 hivi, taratibu sana, alafu bia inalazwa karibu na nyuzi 0 wiki kadhaa au hata miezi. Neno laga lenyewe linatoka Kijerumani, kulaza ghalani. Huo usingizi mrefu ndo unaipa ulaini, mpaka bia ya 7.5 inapita kooni bila kuchoma.

Na hiyo hamira ni chotara ujue, mzazi mmoja ni ile inayofanana na ya mkate na mzazi wa pili hakuna aliyemjua mpaka 2011 wanasayansi walipotangaza wamempata huko Patagonia, Amerika Kusini, anaishi kwenye vinundu vya miti msituni. Huwa naisimulia hii nikilewa kidogo, nisameheni.

Alafu weusi wenyewe ni wa aina mbili. Stauti inapata weusi kwa shayiri iliyokaangwa mpaka inakaribia kuungua, ndo maana unasikia kahawa na ukali. Dopelboki inasimama juu ya kimea cha aina ya Munich ambacho kimekaushwa kwa joto la juu kuliko cha kawaida ila hakijaunguzwa, ni mambo yale yale yanayotokea mkate ukibadilika rangi kwenye tanuri. Wapishi wa zamani, na wengine mpaka leo, wanachota sehemu ya ule mchanganyiko wa kimea na maji, wanauchemsha pembeni kwenye sufuria nyingine, wanaurudisha kwenye pipa kubwa, na wanaweza kurudia mara mbili au tatu. Inaitwa dikoksheni. Nimejaribu mara moja nyumbani, ilinichukua siku nzima, mgongo uliniuma kwa kukoroga maana ukiacha dakika mbili inashika chini, lakini ile harufu ilivyojaa jikoni... kama umeingia kwa muoka mikate saa kumi na moja alfajiri. Bia yenyewe haikuwa nzuri kiivyo. Harufu ile ndo siisahau.

KahawaChungu:

Sawa nimekubali nusu. Ila weusi si lazima uendane na uzito?

FundiHamira:

Wala. Kuna Schwarzbier, laga nyeusi kuliko hizi zote, jina lenyewe maana yake bia nyeusi, mfano Köstritzer ina asilimia 4.8 na inashuka kama maji. Na upande wa pili kuna dopelboki za rangi ya dhahabu zina asilimia 7 na zaidi. Macho yanadanganya sana kwenye bia.

ShangaziShayiri:

Wanangu mmeongea vizuri, mi nichomekee historia maana nilisoma Munich, huko huko Bavaria, enzi hizo na hii bia nina kesi nayo binafsi.

Hilo jina kwanza. Boki linatokana na mji wa Einbeck huko kaskazini, walikuwa wanapika bia kali nzuri wanauza mbali. Watu wa Munich wakaipenda, mwishowe mwanzoni mwa karne ya 17 wakamleta mpishi wa huko aje awapikie kwao. Kwa lafudhi ya Bavaria "Einbeck" ikageuka kitu kama "Ainpock", ikakatwa ikabaki "Bock", na Bock kwa Kijerumani ni beberu. Ndo maana mbuzi dume amejaa kwenye lebo. Ile Celebrator, dopelboki ya kiwanda cha Ayinger, ilikuwa inakuja na kambuzi keupe ka plastiki kananing'inia shingoni mwa chupa, ninako kamoja mpaka leo kwenye droo ya funguo.

Sasa hiyo ya "dopel", yani mara mbili, ni ya watawa. Walikuwa wafuasi wa Mtakatifu Fransisko wa Paola, Mtaliano wa kusini, walifika Munich 1627 na bia yao inatajwa kwenye maandishi kuanzia 1634, na kinachochekesha ni kwamba inatajwa kwasababu wapika bia wa mjini walipeleka malalamiko kwamba hawa watawa wanawaharibia soko. Na hawa walikuwa na nadhiri ngumu kweli, nyama hapana, mayai hapana, maziwa hapana, maisha yao yote ni kama Kwaresma. Kimiminika hakivunji mfungo. Kwahiyo wakapika bia nzito iliyojaa kimea, wakaiita mkate wa kunywa. Kuna ngano kwamba walipeleka pipa Roma kwa Papa aionje atoe ruhusa, njiani ikachacha kwa joto, Papa akaonja akakunja uso akasema hii ni mateso tosha, wanywe tu. Ni hadithi, msiinukuu mtihani, ila naipenda.

Bia yao ikaitwa Salvator, Mwokozi kwa Kilatini. Viwanda vingine navyo vikaanza kuuza "Salvator" zao mpaka 1896 jina likasajiliwa likawa mali ya Paulaner peke yake (kiwanda kilichorithi bia ya hao watawa), ndo wengine wakabuni majina yanayoishia hivyo hivyo kusudi mnywaji ajue anachonunua: Maximator ya Augustiner, Triumphator ya Löwenbräu, Optimator ya Spaten, Animator ya Hacker-Pschorr. Kwahiyo Mwanagenzi hiyo mashine yako ya kusagia ina ukoo.

Kesi yangu mimi: wakati wa Kwaresma kule wana msimu wao wa bia kali, na pale mlima wa Nockherberg Salvator inakuja kwenye kopo la udongo la lita nzima. Lita! Ya asilimia 7.9! Nilikuwa na miaka 23, nilimaliza la kwanza nikaona mbona iko laini hivi, nikaagiza la pili, sikumbuki nani alilimaliza. Nilirudi hosteli nimevaa koti la mtu mwingine. Ila hata siku ile, kwenye kelele zote zile na watu wamepanda juu ya mabenchi, nakumbuka funda la kwanza, kopo la udongo linaweka ubaridi wa kiasi na ile harufu ya mkate inapanda mpaka machoni. Baada ya hapo sijawahi kunywa zaidi ya glasi moja kwa kikao.

UlimiMzito:

Mi naomba nitofautiane na ukumbi. Nimejaribu hizi bia mara tatu, tofauti tofauti, kwenye glasi, joto sahihi, vyote hivyo mnavyosema, na kila mara nafika nusu nachoka. Ni kama kunywa jemu. Inawezekana siyo kwamba hatujui kuonja, inawezekana ni tamu kupita kiasi na watu wanaogopa kusema kwasababu ya watawa.

ShangaziShayiri:

UlimiMzito mwanangu una haki yako, na zipo ambazo kweli ni jemu. Mi kipimo changu ni kimoja, dopelboki nzuri inaingia tamu inatoka kavu. Ukishameza, baada ya sekunde kama tano, mdomo uwe umesafika na unataka funda jingine. Ikibaki imekung'ang'ania kwenye meno kama peremende basi hiyo mpishi wake hakuipa hamira muda wa kumaliza kazi, wala usijilazimishe.

Jaribu na kipande cha jibini gumu la zamani, lile lenye chumvi na linalovunjika vunjika. Chumvi inashusha utamu, utashangaa. Au chokoleti chungu. Peke yake kavu kavu hata mimi nusu lita ni nyingi.

FundiHamira:

Naongezea kwa UlimiMzito: anza na Dunkel kwanza. Ni laga ya kahawia ya Munich, kimea kile kile ila asilimia 5 hivi, haina ule uzito. Ukiielewa ile ndo upande. Watu wengi wanarukia dopelboki moja kwa moja ni kama kujifunza kuogelea kwa kutupwa baharini.

PovuLaKahawia:

Hakuna aliyegusia hali ya chupa yenyewe! Bia ya kubebwa kwenye sanduku, imepita joto, imekaa miezi, inaweza kuwa imeshachoka na wala siyo kosa la mnywaji.

Mwanagenzi angalia tarehe kwanza. Ukifungua ukasikia harufu ya boksi la karatasi lililoloa, hewa imeshaingia, hiyo bia imezeeka vibaya. Ukisikia mahindi ya kuchemsha au siagi, hayo ni makosa ya kiwandani. Ukisikia harufu kama ya kicheche basi ilipigwa na mwanga, hasa chupa zikiwa za kijani au nyeupe, hizi nyeusi huwa ziko kwenye chupa ya kahawia kwahiyo ni nadra. Niliwahi kuagiza katoni ya bia moja nzuri tu, kufungua zote sita zina ladha ya boksi, muuzaji alikuwa ameziweka dirishani kwenye jua kama mapambo. Nilizimwaga nne, mbili nikawapa wageni nisiowapenda sana (natania) (nusu).

Ila kuna kuzeeka kuzuri pia. Dopelboki kwa kuwa ina kilevi kingi na kimea kingi inavumilia kukaa gizani kwenye ubaridi mwaka na zaidi, ule mkate unapungua, tende na zabibu zinaongezeka, inaanza kunukia kama mvinyo wa sheri. Wapo wanaopenda hivyo. Mi naona mbichi ni bora, nanunua mkate wa jana ili iweje.

MsomajiKimya:

Nimesoma uzi wote kimya kimya, swali moja tu. Hiyo ya watawa kufunga kwa bia inawezekana kweli au ni stori?

ShangaziShayiri:

Kuna Mmarekani mmoja alijaribu mwaka 2011, Kwaresma nzima, siku 46 kwa dopelboki na maji tu, alipungua kilo nyingi na alikuwa chini ya uangalizi wa daktari. Usijaribu. Hata watawa wenyewe hatuna hakika kwamba walikuwa wanaishi kwa bia tupu.

KahawaChungu:

Na mimi la mwisho. Aventinus nayo si ni "-us"? Mbona inaitwa dopelboki?

FundiHamira:

Swali zuri hilo, Aventinus ya Schneider ni dopelboki ya ngano, 8.2, na hiyo SIYO laga, hamira yake inachachua kwenye joto kama ya stauti, ndo maana inanukia ndizi na karafuu. Uzito wa dopelboki kwenye mwili wa bia ya ngano. Tamu balaa ila ni mnyama mwingine, Mwanagenzi asiichanganye.

MwanagenziWaGlasi:

Wakuu nimerudi. Chupa imefunguliwa jana usiku, natoa ripoti.

Niliilaza friji ya kawaida tangu asubuhi, saa mbili usiku nikaitoa nikaiweka mezani, nikatega simu dakika 35. Nikamwita mke wangu tugawane maana yale mahesabu ya Fundi yalinitisha. Glasi mbili za mvinyo, za harusini hizo, zimekaa kabatini hazijawahi kufanya kazi. Tarehe niliangalia, bado ina miezi saba.

Kumimina nilikosea, povu likawa vidole vinne, tukakaa tunalitazama linashuka. Taratibu sana. Linashuka linaacha vijiduara kwenye kioo. Nikainua usawa wa taa na wallahi ule wekundu upo!! Chini kabisa ya glasi kama kaa la moto likikaribia kuzima. Nusu lita nyingine hiyo hiyo niliimaliza bila kujua ina rangi gani.

Harufu, mimi nilisikia mkate tu. Nikanusa tena, mkate. Mke wangu akanusa mara moja akasema "sukari iliyoungua chini ya sufuria", akarudia, akasema "na zabibu". Nikaona kumbe nimeoa pua na sikujua.

Funda la kwanza bado lilikuwa na ubaridi, tamu, laini, gesi kidogo, nikasema mmh ni ile ile tu. Ile ya kutoa pumzi kwa pua ndo ilinishtua, nilikuwa nimeshameza na mdomo uko mtupu kabisa alafu ghafla ganda la mkate limejaa huku nyuma. Nikarudia kama mara tatu kama mtoto aliyegundua filimbi. Mke wangu anacheka.

Kama dakika 20 hivi mbele, glasi imeshika joto la mkono, ndo zikaja tende. Sikuzitafuta jamani, zilikuja zenyewe, na kitu kama chokoleti kwa mbali ambacho kila nikikikaribia kinakimbia. Na ule utamu uliokuwa unanikera mara ya kwanza safari hii nikaona unaishia sehemu, unafika katikati ya ulimi unakauka. Kipimo cha Shangazi nilikifanyia kazi, nilihesabu mpaka tano, mdomo ulikuwa safi. Ila UlimiMzito naye nimemwelewa, mafunda ya mwisho yaliyoishiwa ubaridi kabisa yalianza kunilemea kidogo, sidhani kama ningeweza ya pili. Jibini tulikuwa nalo la kawaida tu laini, halikusaidia kitu.

Tulimaliza saa tatu na dakika kumi. Miguu ipo. Kichwa leo kizima.

Nimempigia kaka asubuhi nimwambie nimeelewa, nikaanza tu na habari ya tende, akanikatisha akauliza "uliinywa kwenye glasi gani?" Nikamwambia ya mvinyo. Kimyaaa. Alafu akasema mwezi wa tatu anarudi tena huko, nimtumie listi.

Sasa Shangazi, kwenye listi naanza na ipi?

ShangaziShayiri:

Salvator, kwa heshima. Na moja ya Andechs, wale bado kiwanda ni cha monasteri. Mwambie afunge chupa kwenye soksi katikati ya nguo, na kambuzi kale akikaona asikaache.